Ukishuka chini ya sifuri, usiitegemee namba ya prosesa peke yake

Kila nikikutana na kijana hapa Dodoma anayetaka kuipoza kompyuta kwa kompresa ya friji ili apandishe kasi ya prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote, kupita kiwango cha kiwandani, swali langu la kwanza ni moja: utajuaje imefika nyuzi ngapi? Karibu wote hunijibu kwamba programu itawaonyesha kwenye skrini. Hapo namwomba tukae tuzungumze kabla hajanunua chochote.

Kipimo kilichomo ndani ya prosesa kiliwekwa ili chipu isiungue. Kwa prosesa za Intel, kinahesabu zimebaki nyuzi ngapi kufika kwenye kikomo cha joto, ambacho kwa nyingi ni sentigredi 100 hivi. Programu inaitoa hesabu hiyo kwenye kikomo, na jibu ndilo unaloliona. Karibu na kikomo kinasema kweli. Kadiri unavyoteremka, makosa yanaongezeka. Tena hesabu yenyewe imepewa biti 7 tu, yaani nafasi saba za 0 au 1, kwa hiyo haivuki 127. Toa 127 kwenye 100, utaona kwamba ukishapita nyuzi 27 chini ya sifuri kipimo kimefika mwisho wake, hata kama baridi bado inashuka. Vingine hugoma mapema zaidi: namba imesimama palepale, huku bomba la gesi linazidi kuota barafu mbele ya macho yako.

Na kompresa iliyofungwa na fundi wa friji anayejua kazi inaweza kuifikisha sahani ya shaba inayokaa juu ya prosesa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Barafu kavu inakwenda -78.5, nitrojeni kimiminika -196. (Wataalamu wa mifugo kule Mpwapwa wanaifahamu nitrojeni hii kuliko sisi wa kompyuta, maana ndiyo inayotunza mbegu za madume kwa uhimilishaji. Lita moja ikichemka inatoa karibu lita 700 za gesi inayosukuma hewa nje ya chumba, kwa hiyo asiichezee mtu ndani ya chumba kilichofungwa.)

Unachohitaji ni thamokapo ya aina ya K, ule waya mwembamba wenye kidonge cha chuma nchani unaochomekwa kwenye mita. Waya unaweza kusoma hadi karibu -200. Kinachowaangusha wengi ni mita yenyewe, kwani nyingi za bei nafuu hazikutengenezwa kwa baridi kali. Soma karatasi yake kabla ya kulipa, na chagua inayotumia betri.

Usiifunge kabla hujaihakiki. Ponda barafu ijae kikombe, mimina maji safi yafunike mianya tu, koroga, kisha zamisha kidonge katikati bila kugusa ukingo. Subiri namba itulie. Inatakiwa isome 0, na ikisoma 2, andika hiyo 2 kwenye kipande cha karatasi ubandike kwenye mita. Halafu pima maji yanayochemka, ila hapa kuna jambo linalowapoteza watu wa kwetu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mtu anaona 96, anadhani mita ni mbovu, anaongeza nyuzi 4 kwenye kila kipimo. Mita ilikuwa sahihi.

Kidonge kikae kwenye tundu dogo lililotobolewa ubavuni mwa sahani ya shaba, karibu kabisa na prosesa, kimejazwa pesti ya kupitisha joto na waya umefungwa usivutike. Kikiegemea tu juu ya shaba, kitapima nusu shaba nusu hewa.

Namba ya programu nayo usiitupe. Prosesa ikiwa kwenye kazi nzito, ndani yake huwa na joto zaidi kuliko shaba, mara nyingi juu ya sifuri, na huko programu bado inaaminika kiasi. Mimi naangalia pengo kati ya namba mbili. Tuseme shaba iko -35 na programu inaonyesha 15, pengo ni 50. Kazi ikibaki ileile na pengo likaanza kupanda hadi 60, 65, pesti iliyo kati ya prosesa na sahani imepasuka kwa baridi au sahani imeinuka upande mmoja. Zima, fungua, paka upya. Hakuna dalili ninayoithamini kuliko hiyo, na huipati ukiwa na kipimo kimoja.

Waya wa pili wa thamokapo weka nyuma ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, mgongoni mwa soketi inayoshika prosesa, kwa ajili ya umande. Mchana wa kiangazi, hewa ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 35, umande unaanza kwenye kitu chenye nyuzi 11. Mvua za Januari zikishika, hewa ya nyuzi 25 na unyevu asilimia 80, unaanza kwenye nyuzi 21. Mazabodi iliyokuwa kavu Agosti inaweza kuchuruzika maji Januari. Nunua kipimaunyevu, paka mafuta ya mgando kuzunguka soketi, funika mbele na nyuma kwa sponji nyeusi ya mabomba ya AC bila kuacha mwanya. Uso wa nje wa sponji ukikaribia nyuzi za umande, ongeza sponji.

Umeme ukikatika, kompresa na skrini vinazima pamoja, na barafu yote inaanza kuyeyuka. Mita ya betri inaendelea kusoma. Chomoa waya wa umeme ukutani ili usirudi ghafla, na usiwashe hadi nyaya zote mbili zisome sawa na hewa ya chumbani. Kisha fungua sponji ya nyuma, na ukikuta hata tone moja kwenye miguu ya soketi, kausha kwa feni, si kwa blowa ya moto.