Mdogo ndo aanze kusema: niliyojifunza kwenye sledi na maporomoko ya theluji

Mimi nimekulia Mwanza, theluji niliyoijua utotoni ni ile unayoikwangua na kisu kwenye friza ya mama jirani aliyekuwa anauza barafu za ukwaju. Sasa mtu akiniuliza ilikuwaje mpaka nikajikuta nimekaa juu ya mashine ya kilo 200 na kitu nakwea mlima British Columbia, magharibi mwa Kanada, kama nafukuzwa, jibu ni fupi, nilikuja Edmonton, hukuhuku Kanada, kwenye kazi ya ufundi, pale kazini kila Jumatatu watu stori zao ni sledi tu, nikajaribu siku moja nikanogewa, basi. Sledi ndo hizo snomobili, mbele ski mbili, nyuma mkanda mpana kama wa katapila, na hizi za milimani injini zake zina nguvu ambayo bodaboda yako ya zamani ungeilinganisha nayo ungecheka.

Naandika hii kwa sababu msimu huu naona vijana wetu wengi wameanza, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, wamenunua sledi za mtumba wanatia kwenye trela alfajiri wanaelekea Valemount, kamji ka milimani kule British Columbia, zaidi ya saa tano barabarani ukipitia Jasper. Wananipigia simu, kaka mashine gani ina nguvu, kaka mkanda wa urefu gani. Hamna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za maporomoko. Hata mmoja!

Na mimi siwalaumu maana nilikuwa hivohivo. Nimeendesha bodaboda miaka miwili, Nyegezi mpaka mjini, mishikaki nimebeba, mvua nimekatiza, nikajiona mimi ndo najua hatari. Ila hatari ya barabarani unaiona, lori lile pale, shimo lile pale, trafiki amesimama pale chini ya mti. Theluji inakaa kimya. Na mbaya zaidi inakusifia, unapanda mteremko mbaya leo hakitokei kitu, kesho hakitokei kitu, unafanya mara 20 unarudi nyumbani na video zako, kichwani unaanza kuamini kwamba wewe una jicho, kumbe ulikuwa na bahati tu mara 20.

Ngoja nieleze poromoko lenyewe, maana wengi wanadhani ni theluji inakudondokea tu kutoka juu kama nazi, kwamba siku yako ikifika imefika. Siyo hivo. Mara nyingi sana anayefukiwa ndo amelianzisha mwenyewe, au mwenzake wa kundi hilohilo. Chukua sahani, mwaga sukari, juu yake laza chapati mbili nzito, alafu inamisha sahani polepole. Itafika mahali chapati zinaondoka zote kwa mpigo. Ile sukari ni chembechembe zinazojijenga siku za baridi kali na anga jeupe, zile kama manyoya unazoziona kwenye friza. Ikianguka theluji mpya juu yake, na upepo ukaja ukaigandamiza, umeshapata chapati. Na hiyo sukari inaweza kukaa chini huko wiki nyingi inakusubiri. Sledi yako ni kidole kinachobonyeza. Ndo maana kuona alama za watu waliopita kabla yako siyo ushahidi wa chochote, wenzako kumi wamebonyeza pale chapati ilipo nene, wewe wa kumi na moja ukabonyeza pale ilipo nyembamba, ikakatika yote, na inaweza kukatikia juu yako kabisa wewe ukiwa katikati.

Mteremko wa hatari ni ule wa nyuzi 30 mpaka 45, kuna programu za simu za kupima. Na bahati mbaya hiyo ndo miteremko mitamu kwa sledi, tena kuna mchezo wa kushindana nani ataweka alama juu zaidi, unapanda mpaka mashine inaishiwa pumzi unageuza. Kama kuna mchezo umetungwa makusudi kwa ajili ya kubonyeza chapati ni huo.

Haya, stori yangu.

Ilikuwa Februari, miaka mitatu iliyopita. Tulikuwa watano, mimi, jamaa yetu mmoja wa Bukavu, wazungu wawili wa kazini, na dogo mmoja wa Kigoma alikuwa na miaka 19 ndo msimu wake wa kwanza. Tahadhari ya maporomoko siku hiyo ilikuwa 3 kwa sehemu za juu kusikoota miti. Kipimo kinaenda 1 mpaka 5, sasa mtu akiona 3 anasema aah ni katikati, ni sawa tu, kumbe hiyo 3 ndo inaua watu wengi kuliko hizo 4 na 5, kwa sababu 5 inakutisha unabaki nyumbani ila 3 inakuacha utoke.

Jamaa wa Bukavu akapanda, akakwama theluthi mbili ya mlima, mkanda umezama. Mimi sasa na roho yangu ya kijiweni, mwenzako akikwama unaenda kusukuma, nikavuta mafuta nikamfuata. Hilo ni kosa namba moja kwenye vitabu vyote, mteremkoni anakuwa mtu mmoja tu, aliyekwama anajikwamua mwenyewe wengine mnamwangalia kutoka mahali salama. Nilikuwa nimebakiza kama mita 15 kumfikia nikasikia vuumm, sauti nzito ya chini, kama mtu ameangusha godoro la sufi ghorofa ya juu. Alafu theluji mbele yangu ikapasuka mistari kama kioo cha simu. Kilichofuata sikumbuki kwa mpangilio, nakumbuka kuviringika na nakumbuka mdomo umejaa.

Iliposimama mimi nilikuwa nje kuanzia kifuani kwenda juu. Jamaa hayupo. Sledi yangu nayo haipo, na chepe langu lilikuwa limefungwa kwenye hiyo sledi, kwa sababu asubuhi begi lilikuwa linaniumiza bega nikaona nilifunge nyuma. Naomba usome tena hiyo sentensi. Nilikuwa na chepe zuri la alumini na lilikuwa chini ya theluji pamoja na mtu niliyetakiwa kumchimba.

Mzungu mmoja akawa ameshageuza transiva yake kutoka kutuma kwenda kutafuta. Transiva ni kiredio unachovaa kifuani, zote duniani zinaongea kwa 457 kHz, kinatuma mlio muda wote na mwenzako akifukiwa unakibadilisha kinakuonesha umbali wa mita mpaka alipo. 32. 18. 9. Akapiga magoti akaishusha karibu na theluji, 2.4, 1.6, 1.1. Akachomeka ile fimbo ndefu ya kuunga, mara ya kwanza ikagoma ardhini, ya pili ikagoma, ya tatu ikanepa. Ukigusa mtu inanepa, huwezi kuikosea. Fimbo unaiacha palepale usiichomoe, alafu unachimba kutokea upande wa chini wa mteremko kumfuata kwa ubavu, usichimbe shimo juu ya kichwa chake ukawa unamkanyaga. Theluji ya poromoko ikishasimama ni kama zege, mikono haifui dafu. Mimi nilikuwa nakwangua na helmeti.

Tulimfikia uso kwenye dakika ya 11 hivi. Rangi imekuwa ya majivu, midomo ya bluu. Tukamsafisha mdomo, akavuta pumzi moja ndefu mbaya, alafu nyingine, alafu neno lake la kwanza baada ya kurudi duniani, "Muache kunivuta, mukono inauma." Bega lilikuwa limevunjika. Nililia pale kama mtoto.

Hizo dakika 11 si mchezo. Ukimtoa mtu ndani ya dakika 10 ana nafasi kubwa sana ya kuishi, baada ya hapo nafasi inaporomoka yenyewe, ikifika nusu saa wengi wameshakufa, kwa kukosa hewa tu. Na wengine wanakufa kabla hata ya kufukiwa, kwa kugongwa na miti na mawe. Helikopta haiwezi kuwahi hizo dakika, mtu wa kukuokoa ni huyohuyo uliyekuja naye kwenye gari.

Lakini kilichonifanya niandike siyo hayo. Ni usiku ule hospitali, tumekaa kwenye viti vya plastiki, dogo wa Kigoma ananiambia kwa sauti ya chini, "Kaka, mimi niliona ufa kule chini kwenye miti, na ile sauti ya vuu niliisikia mapema nilipopita pembeni." Nikamwangalia. Nikamuuliza sasa mbona hukusema? Akasema, "Ningesemaje kaka, nyie ni wakubwa, mnajua."

Nilikaa na hilo neno wiki nzima sipati usingizi. Maana sisi tumelelewa hivo, mkubwa akiongea mdogo anasikiliza, kumkatiza ni utovu wa adabu, na mimi mwenyewe nimewafundisha vijana wengi hapa waniite kaka na waniamkie. Adabu nzuri sebuleni. Mlimani dogo alikuwa na habari ya kutuokoa akaimeza kwa ajili ya heshima. Na wazungu wasijione, wao wana yao, kwao kijana anaogopa kuitwa mwoga mbele ya kamera, ila matokeo ni yaleyale, mtu anajua na amenyamaza. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, ila ukiisema hiyo parking ya Valemount saa mbili asubuhi watu wameendesha usiku kucha, mafuta wamelipa, watakuangalia kama umewaletea mkosi.

Kwa hiyo kundi letu tulibadilisha utaratibu. Kabla ya kila mteremko mkubwa tunazima injini, helmeti zinavuliwa, na anayeanza kuongea ni mdogo kuliko wote au mgeni kuliko wote. Mimi naongea mwisho. Mtu mmoja akisema hapana ni hapana, haombwi sababu, hatupigi kura. Mwanzoni ilikuwa kama maigizo, dogo anajiumauma, "mimi naona sawa tu kaka", ikabidi nimwambie sitaki sawa tu, niambie umeona nini. Upepo umelalia upande gani, imeanguka theluji kiasi gani tangu juzi, umeona poromoko lolote jipya, joto linapanda. Akizoea kutaja alichoona, hofu inamtoka.

Mengine ya kufanya mnayajua ama mtayajua mkienda kozi ya maporomoko, na kozi muende, ile ya hatua ya kwanza ni siku mbili tu, dogo aliifanya na sasa anajua kuliko mimi. Taarifa ya tahadhari inatolewa bure na shirika la Avalanche Canada, wako Revelstoke, isome usiku kabla ya kulala na siyo ukiwa umeshapakia trela. Chepe, fimbo na transiva vikae mwilini mwako, sitarudia kwanini. Simu iweke mbali na transiva, zinavurugana. Begi la hewa, lile la mgongoni unalivuta linajaa upepo ili usizame kwenye theluji, ni zuri ukiweza kulinunua ila halizuii mti. Na mkipumzika msiegeshe chini ya mteremko, eti mkae mnamtazama mwenzenu anavyopanda. Tarehe 13 Machi 2010 mlima wa Boulder karibu na Revelstoke walikusanyika watu kama 200 kwenye shindano la kupanda, poromoko likashuka likawakuta wamesimama hapohapo chini, wawili wakafa na 31 wakaumia. Na ile ya tarehe 28 Desemba 2008 karibu na Fernie ndo inanitoaga machozi, wanaume 11 wa mji mmoja mdogo, Sparwood, wenzao wakafukiwa, waliobaki wakakimbilia kuchimba, poromoko la pili likawafuata palepale wanapochimba. Walirudi watatu. Hawa hawakuwa washamba, walikuwa wenyeji, milima hiyo wamezaliwa nayo. Kwa hiyo mtu akikwambia mimi nina miaka 15 kwenye sledi usione aibu kumuuliza swali.

Machi iliyopita tulikuwa tumesimama chini ya bonde moja zuri mno, la duara kama bakuli, jua limetoka tangu saa mbili, joto linapanda. Injini tukazima. Nikamwambia dogo anza. Akasema mimi hapa sipandi, ile mipira ya theluji inayojiviringisha yenyewe kutoka kwenye miamba siipendi. Tukageuza. Kabla hatujafika mbali likaja kundi lingine la vijana, wakapanda, wakauchora ule mteremko wote, tunawaona kwa mbali mpaka mchana, na hakikuanguka kitu. Jamaa wa Bukavu alimtania dogo njia nzima, dogo kanuna anaangalia dirishani. Tulivyosimama Jasper kununua kahawa akaniuliza, kaka kwani nilikosea? Nikamwambia hukukosea, na kahawa ya leo analipa mtani wako. Akalipa kweli, huku analalamika kwamba baridi ya Jasper inamuingia kwenye lile bega.