Mzizi ض ر ب: usiishie kwenye "kupiga"

Wa alaykum salaam mkuu. Umeuliza inakuwaje kamusi ya Kiarabu ikipe kitenzi dharaba ("kupiga", mzizi dh-r-b) maana nyingi mbalimbali, na kwa nini "al-ummal al-mudhribun" ya gazetini, uliyoifasiri "wafanyakazi wanaopigana", haiingii kwenye habari yenyewe. Nasomesha sarfu, elimu ya maumbo ya maneno ya Kiarabu, darasa za jioni, na mzizi huu ndio ninaopenda kuanza nao.

Sisi Waswahili tuna bahati hapa. Tunapiga mfano, tunapiga hema, tunapiga chapa, na hakuna anayeumia. Mwarabu naye husema dharaba mathalan, dharaba khaima, dharaba dirhaman. Dirhamu (sarafu za fedha) za Bani Umayya, ukoo wa makhalifa wa mwanzo, zimeandikwa pembezoni "Bismillahi, dhuriba hadha d-dirham", kisha mji na mwaka: yaani ilikopigwa chapa.

Ila ulinganifu huo haufiki mbali. Kinachoamua ni harfu inayofuata, yaani neno dogo kama fi (katika), ala (juu ya) au an (kutoka kwa), ndiyo maana siwaruhusu wanafunzi kuandika dharaba peke yake daftarini.

Ikija na fi, mara nyingi ni safari. "Wa idha dharabtum fil-ardhi" (Qur'ani, Annisaa 101) ni mnaposafiri, na hapo ndipo panapotajwa kupunguza sala. Al-Muzzammil 20 inawataja wengine "yadhribuna fil-ardhi" wakitafuta fadhila za Mwenyezi Mungu, yaani wako kwenye biashara. Huko ndiko mafakihi, wanazuoni wa sheria, wanakoitoa mudharaba, wazni (umbo la kitenzi) ya tatu, faala, wazni ya watu wawili kushirikiana jambo. Mmoja anatoa mtaji, mwenziwe anatoka nao kwenda kuchuma, faida wanagawana kwa fungu walilopatana. Mtaji ukiliwa na hasara bila uzembe wa mchumaji, hasara hiyo ni ya mwenye mali. Watu wa Hijazi waliiita qiradhi. Ukiona "akaunti ya mudharaba" kwenye benki ya Kiislamu, ni mkataba huo huo. Fi hiyo hiyo ipo kwenye hesabu: tatu fi nne, kumi na mbili.

Ikija na ala, soma Al-Kahf 11: "fadharabna ala adhanihim". Hakuna aliyepigwa masikio. Ni kama pazia limeshushwa juu ya masikio ya wale vijana wa pangoni, wasisikie kitu, wakalala miaka. Mimi aya hii hainichoshi: usingizi mzima umesemwa kwa kutaja masikio tu, kwa kuwa sauti ndiyo inayomwamsha aliyelala.

Idhtaraba ni wazni ya nane. Ile ت (t) ya iftaala, umbo la wazni hiyo, imegeuka ط (t nzito) kwa sababu ض (dh) ni herufi nzito na ulimi hautaki kushuka ghafla. Ndivyo sabara (kusubiri) inavyotoa istabara. Maana yake kuyumba, kuchafuka, na bahari iliyochafuka ni mudhtarib. Dhoruba yetu nayo ni ya mzizi huu.

Sasa gazeti lako. Angalia an: "afanadhribu ankumu dhikra" (Azzukhruf 5), je, tuuondoe ukumbusho kwenu? Dharaba an ni kuacha, kugeukia mbali. Wazni ya nne, adhraba an, imebaki na maana hiyo, na wanahau, wataalamu wa sarufi, huiita "bal" (bali) harfu ya idhrab kwa sababu inaliacha lililotangulia na kushika jipya. Basi mudhribun wako hawakupigana na mtu. Wameacha kazi kwa makusudi: wamegoma. Rudi kwenye sentensi, naamini utakuta "anil-amal" (kutoka kazini) hapo mbele.