Ukianza kuokota uyoga, habari za dawa weka pembeni kwanza

Wadau mlioanza juzi juzi kuokota uyoga huku Moshi na Arusha, naona kila mvua ikipiga swali ni lile lile, "huu unatibu nini?" Sasa we hujajua hata ni uyoga gani, ushafika kwenye kisukari na presha.

Msimu wa kwanza shika aina moja tu, ule wa kwenye vichuguu ambao mama zetu wanaujua toka wadogo. Na usiukate juu kwa juu, chimba. Wa kichuguu una mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye kiota cha mchwa, ila ukichimba ukakuta shina limekaa ndani ya kifuko cheupe kama ganda la yai lililopasuka, huo uache hapo hapo, ni dalili ya kundi la Amanita na humo ndo kuna wale wanaoua. Ukikata juu kifuko kinabaki kwenye udongo na alama yenyewe umeiacha porini. Halafu kuna mwingine unapenda kwenye majani ya bustani na viwanja, mkubwa, mweupe, una magamba ya kahawia, Chlorophyllum molybdites, huu unatapisha watu vibaya sana kwa sababu wanaufananisha na wa kichuguu. Laza kofia kwenye karatasi nyeupe, funika na bakuli mpaka asubuhi, uangalie vumbi: wa kichuguu linakuja la pinki pinki, huyo mwingine kijani, Amanita jeupe. Kipimo cha bure hicho, ila peke yake hakitoshi, usije ukasema nimekuambia mimi.

Mambo ya kupima sumu kwa kijiko cha fedha, sijui kitunguu swaumu kikibadilika rangi, sijui konokono kaula, achaneni nayo. Konokono anakula Amanita na anaendelea na safari zake. Hata kuchemsha hakusaidii, amatoksini, ile sumu ya uyoga Amanita phalloides, haitoki kwa moto wala kwa kuanika.

Pia msiokote kando ya barabara kubwa wala kwenye kahawa iliyopigwa mrututu (dawa ya shaba), uyoga unanyonya madini.

Haya, dawa. Ukweli upo, sibishi. Japani waliruhusu dawa ya Krestin, inayotoka kwenye uyoga wa Trametes versicolor, mwaka 1977, na lentinani ya uyoga wa shiitake mwaka 1985, ila zote zilitumika pamoja na matibabu ya kansa, sio badala yake, tena kilikuwa kitu kimechujwa kiwandani na kupimwa dozi. Hata uyoga mamama (oyster) umekutwa na lovastatini, ile dawa ya kushusha kolestro, lakini sahani ya mboga haina dozi, leo kidogo kesho nyingi. Na hawa wanaouza machai na makahawa ya uyoga wa Ganoderma, mteja anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambie amuulize daktari wake kwanza, inaweza kumwongezea kutoka damu. Nyie mnaouza uyoga, uzeni kama mboga. Siku ukiandika "inatibu" kwenye pakiti ushahamia kwenye dawa, na dawa asili zina Baraza lake na usajili wake.

Kitu kinachowachanganya wengi ni muda. Amatoksini inakaa kimya masaa 6 mpaka 12, wakati mwingine hata 24, kwa hiyo mtu kala mchana anaanza kutapika na kuharisha usiku wa manane analaumu nyama ya jioni. Siku ya pili anajisikia nafuu, wanamrudisha nyumbani, kumbe ini ndo linaharibika. Msidanganyike na hiyo nafuu, mkimbizeni hospitali, KCMC au Mount Meru, semeni alikula saa ngapi na nani wengine walikula, maana hao nao waende hata kama hawaumwi. Ndo maana kila mkipika wa porini bakisheni mmoja mbichi, mzima na shina lake lote, kwenye karatasi sio mfuko wa plastiki unaoozesha, uende nao hospitali.