Maswali ya Wasomaji: Sabuni Inayowasha, Biblia Iliyochomoka na Kibuyu Kichungu

Ndugu mhariri, habari za kazi. Hapa Kibaigwa mafuta ya alizeti hayatusumbui, kwa hiyo nimeanza kutengeneza sabuni ya nyumbani. Nachanganya vikombe vitatu vya mafuta na nusu kikombe cha kostiki (caustic soda). Wiki ya pili sasa sabuni bado laini, inatoa majimaji na inawasha mikono. Nimekosea wapi?

Mama, kilichokuponza ni kikombe. Vikombe vitatu vya mililita 250 ni karibu gramu 690 za mafuta, na mafuta hayo yanahitaji kostiki isiyozidi gramu 90. Nusu kikombe cha kostiki kina gramu 110 hadi 140, kutegemea ni ya vipande au ya chenga. Ile iliyozidi haina mafuta ya kushikana nayo, ndiyo inayotoka kama jasho na kukuwasha. Tafuta mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Bila mizani, sabuni ya kostiki ni bahati nasibu.

Ulaini ni jambo jingine. Alizeti peke yake hutoa sabuni laini hata ukipima sawasawa. Ichanganye na mawese yanayotoka Kigoma: mawese gramu 600, alizeti gramu 400, kostiki gramu 132, maji gramu 330. Kipimo hiki kinaacha mafuta kidogo ya ziada ili ngozi isikauke. Usikitumie kwa mafuta mengine, maana kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Ya nazi, kwa mfano, hutaka nyingi zaidi.

Vaa glovu na miwani, na ukae nje upepo ukiwa mgongoni. Mimina kostiki kwenye maji huku unakoroga, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kuruka usoni. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Sufuria zetu za kawaida ni za alumini: kostiki huzila, hutoa povu na gesi inayoshika moto. Maji ya kostiki yatapanda joto sana. Subiri yapoe hadi ukigusa ndoo kwa nje usikie uvuguvugu tu, na mawese yaliyoyeyushwa na alizeti yawe na joto hilo hilo. Changanya, koroga bila kuacha, mpaka ukichuruza uji wake juu, mstari ubaki ukionekana kabla ya kuzama. Kwa mwiko inaweza kuchukua zaidi ya saa moja, na wengi hukata tamaa hapa wakamimina mapema. Asubuhi wanakuta mafuta yameelea juu.

Mimina kwenye boksi lililotandikwa nailoni, funika, kata baada ya siku moja au mbili. Kisha panga vipande kivulini vikiwa vimeachana, wiki 4 hadi 6. Usivianike juani, upepo mkavu wa huku utakausha ganda la nje kabla ya ndani na vipande vitapasuka.

Hiyo uliyonayo usijaribu kuiokoa. Vaa glovu uisugulie choo. Mwilini na kwenye nguo za mtoto, hapana.

Biblia ya marehemu babu inachomoka kurasa na mgongo umeachia. Mtu amenishauri niibane kwa selotepu, mwingine gundi ya viatu. Nifanye nini? Msomaji, Mpwapwa.

Vyote viwili viache. Gundi ya selotepu hugeuka njano, hupenya karatasi, kisha nailoni hubanduka na kuacha doa. Gundi ya viatu hukakamaa, na karatasi ya Biblia kwa wembamba wake hukatika pale pale gundi inapoishia.

Pika gundi ya unga wa ngano. Kijiko kikubwa kimoja cha unga, vijiko vitano vya maji. Anza na maji baridi kidogo uvunje mabonge, ongeza yaliyobaki, weka moto mdogo ukikoroga mpaka iwe nzito na weupe wake ufifie. Chuja kwa kitambaa, iache ipoe. Kwa joto la Dodoma isikae zaidi ya siku mbili. Ikitoa harufu ya uchachu, mwaga.

Sasa angalia ni nini kimechomoka. Ikiwa ni ukurasa mmoja mmoja, paka gundi ukingo wa ndani tu, upana wa milimita 3, uusukume hadi kwenye mshono ulingane na wenzake. Weka kipande cha nailoni kila upande usije ukashika jirani, funga kitabu, weka tofali mbili juu yake hadi kesho. Gundi ikizidi, karatasi hujikunja na haitanyooka tena. Bora pungufu.

Ikiwa limetoka fungu zima la kurasa zilizokunjwa pamoja, gundi haitoshi, shona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: katikati, juu na chini. Uzi imara wa pamba uupitishe kwenye kipande cha mshumaa usisokotane. Ingiza sindano tundu la katikati kutoka ndani ukiacha mkia, rudi ndani kwa tundu la juu, ruka hadi la chini utoke nje, rudi ndani kwa la katikati. Mkia uwe upande mmoja wa uzi mrefu na sindano upande wa pili, ndipo ufunge fundo juu yake. Fungu likishashonwa, lirudishe mahali pake kwa gundi kidogo mgongoni.

Kwa mgongo wa jalada, kata kitambaa cha marekani, upana wa mgongo na kuongeza sentimita 3 kila upande, kibandike kwenye majalada mawili. Kati ya jalada na mgongo acha nafasi ya milimita 6. Mafundi wa haraka huisahau, halafu Biblia haifunguki bila kuvunjika upya. Ikikauka, usiiweke sakafuni wala usiiegemeze ukuta wa udongo. Mchwa hupandia ukutani, na mende hupenda gundi ya unga.

Gundi hiyo inafaa kwa Msahafu? Na karatasi zilizochakaa kabisa? Kondoa.

Inafaa, ni unga na maji tu. Safisha meza na mikono kwanza. Karatasi zisizosomeka hazitupwi jalalani. Desturi inayojulikana ni kuzifunga kwenye kitambaa safi na kuzizika mahali pasipokanyagwa. Wapo wanaozichoma. Muulize sheikh wa msikiti wenu mnashika ipi.

Watoto wangu wana miaka 11 na 6. Tunasali jioni lakini kusoma kunatushinda, wanasinzia. Baba, Chamwino.

Ndugu, someni kabla ya kula, ugali ukiwa jikoni. Baada ya kushiba hata mtu mzima husinzia. Dakika 15 zinatosha. Mithali ina sura 31, kwa hiyo tarehe ya leo ndiyo sura ya leo na hakuna mabishano ya kuchagua. Ikiwa ndefu, someni nusu. Wa miaka 11 asome kwa sauti, akiheshimu nukta na mkato. Kiswahili husomwa kilivyoandikwa, hivyo mtoto anaweza kutamka kila neno bila kuelewa hata moja; mwulize, "Huyu anasema nini?" Mdogo mpe Zaburi ya 117, yenye mistari miwili tu, aifuate kwa kidole wiki nzima mpaka ajione msomaji. Vitabu vya hadithi azimeni maktaba ya mkoa mkifika mjini.

Taa ya sola iwe nyuma ya bega, isimwangazie msomaji machoni. Mikono ya wanaosikiliza isikatazwe kazi: kusuka ukili kunakwenda vizuri na kusikiliza. Kubangua karanga hapana, kelele.

Kitambaa changu cha mezani cha kroshia kinajikunja kama bakuli.

Hukuongeza mishono ya kutosha. Kwa shono fupi, duara huanza na mishono 6, na kila raundi huongezeka 6: 12, 18, 24, 30, 36. Hesabu kila raundi, fumua hadi pale hesabu ilipoharibika. Kikianza kufanya mawimbi ukingoni, hapo umezidisha. Ikiwa hesabu iko sawa na bado kinajikunja, unakaza uzi mno. Chukua sindano nene kidogo.

Kibuyu kipya cha maziwa kinatia uchungu. Bahi.

Ulikivuna kikavu? Kibuyu huachwa shambani mpaka kikonyo kinyauke, kisha hukauka kivulini hadi ukikitikisa usikie mbegu. Kikikatwa kibichi, nyama hubaki imeganda ndani, na humo ndimo uchungu ulimo. Jaza maji ya moto, kiache usiku kucha, tia kokoto safi konzi moja, tikisa kwa nguvu, mwaga. Rudia kila siku kwa wiki moja, ukionja maji kwa ncha ya ulimi na kutema. Maji yakitoka bila ladha, kikaushe, kifukize, ndipo utie maziwa. Yakibaki machungu baada ya wiki hiyo, usikilazimishe: uchungu wa kibuyu unaweza kumtapisha mtu na kumharisha. Weka humo mbegu za uwele za msimu ujao, uzibe kwa gunzi.