Gari la nyumbani na abiria wa kulipa: kibali cha muda kinafika wapi?

Barua kuhusu vibali vya muda vya kubeba abiria huongezeka kila sikukuu za mwisho wa mwaka zinapokaribia. Tumechagua nne ambazo majibu yake yanawahusu wasomaji wengi, tukaanza na ile iliyouliza jambo lenyewe bila kuzunguka.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Noah ya familia yenye namba za njano. Mwaka huu kundi la watu saba wanaokwenda harusini mkoani wameniomba niwapeleke na kuwarudisha, nao wako tayari kulipia gari zima. Nimesikia kwamba LATRA hutoa kibali cha muda kipindi cha sikukuu. Je, naweza kuomba kibali hicho kwa siku nne tu, bila kubadilisha gari langu liwe la biashara? Kuna mtu wa stendi anayesema anaweza kunitengenezea kwa siku moja. – Mwenye Noah

JIBU: Ndugu Mwenye Noah, kibali unachokisikia kipo, lakini hakikukusudiwa gari lililo kama lako lilivyo leo. Kila Desemba abiria wa kwenda mikoani huzidi mabasi yaliyopo, hasa katika njia za Kilimanjaro na Arusha, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, huruhusu kwa siku chache magari ambayo kwa kawaida hufanya kazi katika njia nyingine, kama vile mabasi madogo ya mijini, yasaidie kuwasafirisha watu. Angalia vizuri ni magari gani hayo: tayari yana namba nyeupe za biashara, bima ya kubeba abiria na dereva mwenye daraja linalomruhusu kuwabeba. Kinachobadilishwa na kibali ni njia na muda tu. Noah yako imeandikishwa kuwa gari binafsi, na karatasi ya siku nne haina nguvu ya kufuta maandishi yaliyo kwenye kadi ya gari.

Pengine utasema kwamba safari moja haiwezi kuitwa biashara. Sheria ya Leseni za Usafirishaji, Sura ya 317, haikuulizi umebeba abiria mara ngapi. Inauliza kama umewabeba kwa malipo na kama una leseni ya kufanya hivyo. Harusi moja na bahasha moja ya fedha vinatosha kukuingiza katika kundi la zile zinazoitwa mitaani teksi bubu, au, kwa magari madogo yanayokimbia kati ya miji, michomoko.

Ukiamua kuifanya kazi hii kwa haki, mlango wa kwanza uko Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa sababu huko ndiko matumizi ya gari yanakobadilishwa kutoka binafsi kwenda biashara, ndipo namba za njano zinapovuliwa na kufungwa nyeupe. Jambo hilo huambatana na namba ya mlipakodi ya biashara. Ile uliyoipata siku nyingi kwa ajili ya leseni ya udereva au kusajili gari, ambayo aghalabu si ya biashara, haitakufikisha mbali. Ukishakuwa mfanyabiashara machoni mwa TRA, kodi ya mapato ya gari la abiria itakuhusu pia, na ni vema uiulize kiasi chake siku hiyohiyo dirishani, kabla hujakubali malipo ya awali kutoka kwa wenye harusi.

Kisha ije bima, na hapa naomba tukae kidogo, kwa maana wengi wanaoniandikia huogopa faini ya trafiki kuliko jambo hili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito. Fungua kidroo cha gari lako, utoe hati ya bima yenyewe badala ya kuridhika na stika iliyo kwenye kioo, usome sehemu inayotaja mipaka ya matumizi. Katika bima ya gari binafsi utakuta maneno yanayoruhusu shughuli za nyumbani, matembezi na safari zako mwenyewe, na mara baada yake maneno yanayoondoa kubeba watu kwa malipo. Mstari huo mmoja unamaanisha kwamba gari likipinduka likiwa na wale watu saba, kampuni ya bima inaweza kukataa dai lako la gari, na hata pale Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inapoilazimu kumlipa mtu wa tatu aliyeumia, inaweza kukugeukia wewe na kukudai ilichokilipa. Faini hulipwa ikaisha; matibabu ya watu saba yanaweza kuondoka na nyumba. Bima ya gari la abiria hugharimu zaidi kwa kuwa idadi ya viti huingizwa katika hesabu, na mteja anayeona bei hiyo ni kubwa ajiulize kwanza ni nani atakayeubeba mzigo iwapo bima haitaubeba.

Dereva naye ana lake. Leseni ya daraja D ni ya gari binafsi. Wabeba abiria wana madaraja ya kundi C, yanayogawanywa kwa kadiri ya idadi ya abiria, na kuyapata kunahitaji mafunzo ya udereva wa magari ya abiria, kama yale yanayotolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au VETA. LATRA nayo huwapima na kuwathibitisha madereva wa magari ya abiria. Kwa hiyo hata kama gari litabadilishwa kwa haraka, dereva hawezi kubadilishwa kwa haraka namna hiyo. Kama leseni yako ni ya D peke yake, utalazimika kumtafuta dereva mwenye sifa na kumlipa. Ukaguzi wa gari sitauzungumzia sana: breki, matairi, taa na mikanda ya viti vyote viwe vizima, nawe uwe na ripoti ya kuthibitisha hivyo.

Baada ya hayo yote ndipo maombi yanapokwenda LATRA, kupitia mfumo wao wa mtandaoni uitwao RRIMS, ambako unapewa namba ya malipo ya serikali na kulipa benki au kwa simu. Hii ndiyo sababu ya kukushauri uachane na huyo mtu wa stendi. Leseni iliyotolewa kwa njia halali inaonekana katika mfumo na haitegemei uzuri wa muhuri. Askari au mkaguzi akitafuta namba ya gari lako asikute chochote, karatasi ya kishoka itakuongezea kosa la pili juu ya lile la kwanza. Anayekutaka umtumie fedha kwenye namba yake ya simu, kwa jina lake, hata kama amevaa kitambulisho shingoni, hakupi kibali.

Kwa safari moja ya siku nne, hesabu haikubali. Utabadilisha namba, utaongeza bima, utalipia leseni na dereva, kisha ukitaka gari lirudi kuwa la nyumbani utaanza safari nyingine ya ofisi zilezile kinyumenyume. Waelekeze watu wako kwa mwenye gari la kukodi aliyesajiliwa, wafunge naye mkataba, na kama nawe umealikwa harusini, wachukue ndugu zako kwenye Noah bila kuwatoza. Lakini ikiwa maombi ya namna hii yanakujia mwaka mzima, basi usifikirie kibali cha muda hata kidogo; omba leseni kamili ya gari la kukodi na ulifanye gari lako lijilipe.

SWALI: Mimi nina Coaster inayofanya daladala mjini. Nataka kuomba kibali cha muda cha kupeleka abiria mkoani wakati wa sikukuu. Wenzangu wawili walikataliwa mwaka jana bila kuelewa sababu. Niandae nini? – Tajiri wa Coaster

JIBU: Siwezi kujua kilichowakwamisha wenzako, ila naweza kukuonyesha mahali ambapo maombi mengi hujikwaa. La kwanza ni leseni ya sasa iliyokwisha muda, au gari lenye faini ambazo hazijalipwa. Mwenye gari hushughulika na kibali kipya akasahau kwamba kibali cha muda hukaa juu ya leseni iliyo hai, na kama msingi umeoza hakuna cha kujengwa juu yake. La pili ni gari lenyewe. Daladala huzunguka mjini kwa mwendo mdogo, likisimama kila kituo, na tairi lililochakaa au breki inayovuta upande mmoja huvumilika huko kwa namna ambayo mteremko mrefu wa barabara kuu hauvumilii. Peleka gari kwa fundi wiki mbili kabla ya ukaguzi, ulale chini yake pamoja naye ukitazama springi, mpira wa breki na mafuta yanayovuja, badala ya kulipulizia rangi.

La tatu ni dereva. Aliyekaa miaka kumi kwenye njia ya mjini anaweza kuwa hodari sana wa foleni na bado akawa mgeni wa kulipita lori usiku. Tazama daraja la leseni yake linalingana na idadi ya abiria wa gari lako, na kumbuka kwamba safari inayozidi saa nane inahitaji dereva wa pili. Kondakta mwenye leseni ya kuendeshea gari dogo hahesabiki. Waombaji wengi hujaribu kuukwepa utaratibu huu kwa kuandika jina la dereva ambaye hatakuwamo garini, na hugunduliwa kwenye kizuizi cha kwanza.

Kibali hakikupi uhuru wa kupanga nauli. Nauli ya kikomo ya njia hiyo inakufunga kama inavyoyafunga mabasi yenye njia, na kila abiria anastahili tiketi na kiti. Ndoo na vigoda vya katikati vinavyopendwa na makondakta viache nyumbani.

SWALI: Nafanya kazi na wenzangu watatu tunaokaa mtaa mmoja, nami huwapakia asubuhi na jioni kwenye gari langu dogo. Wananichangia mafuta kila mwisho wa wiki. Juzi tulisimamishwa na askari akaniambia kwamba ninaendesha teksi bubu. Je, nami nahitaji kibali? – Mchangiwa Mafuta

JIBU: Swali lako ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu fedha zinapita mkononi mwako na anayekutazama kutoka nje hana njia ya kujua ni za nini. Mtu anayekwenda kazini kwake kwa njia yake mwenyewe, akigawana gharama na watu anaofahamiana nao, hayuko sawa na mtu anayetoka ili apate abiria. Kinachosaidia kuwatofautisha ni mwenendo: ungekwenda hata wasingekuwapo? Mchango unakaribiana na bei ya mafuta au unafanana na nauli? Kuna mtu wa nne usiyemjua uliyemwokota kituoni kwa kuwa kiti kilikuwa wazi? Huyo wa nne ndiye huharibu mambo. Siku utakapomchukua, hoja yako yote ya ujirani imekwisha, na hata wale watatu wataonekana abiria.

Kwa hali uliyoieleza, kinachokuhusu si kibali cha muda. Hata hivyo muulize wakala wako wa bima, kwa maandishi, kama mchango wa mafuta unaathiri bima yako, na uhifadhi jibu lake. Jambo dogo la kiutendaji pia: acheni kuhesabiana noti dirishani mbele ya ofisi. Wenzako wajaze mafuta kituoni kwa zamu, kila mmoja na wiki yake, na hakuna fedha itakayoonekana kama nauli.

SWALI: Gari langu la kukodi lilipata kibali cha muda cha siku tano. Abiria walichelewa kurudi, na muda ulikwisha tukiwa bado huko. Nilirudi nao nikakamatwa. Ningefanya nini? – Aliyechelewa

JIBU: Tarehe iliyo kwenye kibali inahesabu kwenda na kurudi, wala haiongezeki kwa sababu wasafiri walikawia mezani. Ungeomba nyongeza kabla ya siku ya tano kwisha, kwa njia ileile uliyoombea kibali cha kwanza, na kama nyongeza isingepatikana, gari lingerudi tupu na abiria wangepanda basi lenye leseni ya njia hiyo, kwa gharama ya yule aliyechelewesha. Hilo la mwisho liandike katika mkataba wa kukodi tangu mwanzo: saa ya kuondoka kurudi, na nani atalipa ikipita. Safari ijayo omba siku moja zaidi ya zile unazodhani utazihitaji.