Jibu: Kumfundisha mtoto mchanga alama za mikono kutamchelewesha kusema?

Dada, ondoa hofu, hatachelewa. Hiyo hofu kwamba akizoea mikono ulimi utalala ilichunguzwa Marekani na watafiti Linda Acredolo na Susan Goodwyn. Hawakuona ucheleweshaji wowote. Ila usitegemee maajabu: utafiti wa Uingereza wa 2013 haukuona watoto waliofundishwa alama wakiwatangulia wenzao kwa lugha. Faida ninayoiona mimi ni kupunguza kile kilio cha kubahatisha mtoto anataka nini.

Kwa kuwa mwanao ana miezi saba, anza na alama za nyonya, maji na basi (yaani imetosha). Onyesha alama huku ukitaja neno, kitu chenyewe kikiwepo. Wengi hawajibu kabla ya miezi minane au tisa, kwa hiyo vumilia. Na dada wa kazi na bibi watumie alama zilezile. Hapo ndipo wengi hukwama.