Faili lipo, nakala haipo

SWALI: Nina seva ya Linux ya duka. Kila siku saa nane usiku cron (kipanga ratiba cha Linux) huendesha mysqldump duka > nakala.sql, yaani kutoa nakala ya hifadhidata ya MySQL iitwayo duka. Juzi nikakuta faili tupu, baiti 0. Fundi akaniambia niongeze 2>&1 mwishoni. Sasa faili lina ukubwa, ila nikijaribu kulirejesha linagoma. Shida nini?

JIBU: Lisome mistari ya mwanzo kwa head nakala.sql. Nadhani utakuta “Access denied” (umekataliwa kuingia) au “not found” (amri haikupatikana), basi. Fundi wako hakutengeneza kitu. Kalichukua lalamiko la mysqldump, kalimwaga ndani ya nakala, faili likanenepa, mkaridhika.

Kinachowaponza wengi ni kudhani kwamba >, alama inayopeleka matokeo kwenye faili, husubiri amri imalize ndipo iandike. Sivyo! Faili hufunguliwa na kufutwa lililomo kabla mysqldump haijaanza kazi. Amri ikifeli, faili litakuwepo vilevile, na nakala nzima ya jana imeshakwenda. Ndiyo maana hata kupanga majina kwa sort majina.txt > majina.txt humwacha mtu bila majina.

Programu hutoa maandishi kwa njia mbili: 1 ya matokeo, 2 ya makosa. Alama ya > hushika ya 1 peke yake; 2>&1 huichanganya na ya 2. Kwa kumbukumbu utakazosoma mwenyewe, sawa. Kwa faili litakalosomwa na MySQL ni sumu, maana hata onyo dogo kuhusu nenosiri litaingia katikati ya SQL (maagizo ya hifadhidata) na kuvuruga urejeshaji.

Andika hivi:

mysqldump duka > mpya.sql 2> makosa.txt && mv mpya.sql nakala.sql

Alama ya && huendesha mv (kubadili jina la faili) pale tu mysqldump ikifaulu, kwa hiyo nakala ya jana haiguswi mpaka ya leo ikamilike. Kisha tail -n 1 nakala.sql ikuonyeshe mstari wa mwisho, unaoanza na “-- Dump completed”. Usipouona, huna nakala. Kilichokwama utakisoma kwenye makosa.txt; kwa cron mara nyingi ni PATH yake fupi (orodha ya folda inamotafuta amri) au nenosiri. (Ukitaka tarehe kwenye jina la faili, ndani ya crontab (faili la ratiba za cron) kila % itanguliwe na \, la sivyo amri hukatwa hapo hapo.)

Wapo na wale wa 2>/dev/null, yaani kuyatupa makosa yasionekane popote, “ili makosa yasisumbue”. Wateja wao naletewa mimi, diski ikiwa imeshakufa, na folda imejaa nakala za baiti 0 zenye tarehe safi kabisa.